Kudai deni Mahakama ya Mwanzo bila wakili: hatua kwa hatua

Wengi wanaokuja kwangu na deni lisilolipwa wameshapitia polisi na kurudishwa. Deni la makubaliano ni daawa, yaani kesi ya madai, si jinai, na hapa Tanzania mahali pake pa kwanza ni Mahakama ya Mwanzo. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Siruhusiwi kusimama mahakamani badala yako, kwa hiyo kazi yangu ni kukuandaa usimame mwenyewe.

Tuseme wewe ni fundi. Ulitengeneza geti la shilingi 1,800,000, ukapewa 1,000,000, na baki ya 800,000 unapigwa tarehe.

1. Hakikisha umefika mahali sahihi. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza deni la mkataba, hata wa mdomo, lisilozidi shilingi milioni 30. Fidia ya kugongwa na bodaboda si deni la mkataba, usiipeleke huko. Ardhi nayo ina mabaraza yake. Fungua shauri kwenye mahakama ya eneo anakoishi mdaiwa au dai lilikotokea.

2. Mwandikie barua ya madai. Taja kazi, kiasi na siku unazompa. Nakala itume pia WhatsApp. Akijibu "nivumilie bosi, mwisho wa mwezi nitamalizia ile laki nane", usimtukane wala usifute. Amekubali deni kwa mkono wake mwenyewe, na kwa maoni yangu jibu hilo lina nguvu kuliko mashahidi watatu wa kusikia.

3. Fungua shauri. Unaweza kuleta madai kwa maandishi, au kuyaeleza kwa mdomo yakaandikwa pale pale. Yawe mafupi: nani, mlikubaliana nini, lini, alilipa ngapi, bado ngapi, unaomba nini. Omba na gharama za shauri. Habari za yeye kukutangaza vibaya mtaani ziache nyumbani. Lipa ada kwa namba ya malipo utakayopewa na utunze risiti.

4. Fuatilia wito, yaani samansi ya kumwita mdaiwa mahakamani. Mashauri mengi hufia hapa. Mpe karani namba ya simu ya mdaiwa, mtaa anaokaa na mahali anapofanyia kazi. Akishapokea samansi asitokee bila sababu, unaweza kuomba shauri lisikilizwe upande mmoja, yaani bila yeye kuwepo. Usipotokea wewe, linaweza kufutwa.

5. Siku ya kusikilizwa. Wewe ndiye unayedai, kwa hiyo wewe ndiye wa kuthibitisha. Huhitaji kuondoa shaka yote ya msingi kama kwenye jinai, inatosha ushahidi wako uwe mzito kuliko wa mwenzako.

Utaapa, kisha utaeleza kwa mpangilio wa tarehe. Sasa sikiliza vizuri: karatasi ulizoambatanisha wakati wa kufungua bado si ushahidi. Ukiwa unatoa maelezo, ukifika kwenye malipo, simama hapo useme: "Mheshimiwa, hii ni taarifa ya miamala ya simu yangu inayoonyesha alinitumia shilingi 1,000,000. Naomba ipokelewe kama kielelezo." Hakimu atamuuliza mdaiwa kama ana pingamizi, kisha ataamua. Fanya hivyo kwa kila karatasi. Wapo wanaoshuka kizimbani na bahasha yao kwapani, wakidhani hakimu ameshaisoma.

Taarifa ya miamala ichukue kwenye duka la mtandao wako, igongwe mhuri. Ujumbe wa WhatsApp uuchapishe, na simu yenyewe uje nayo ikiwa na chaji.

Mdaiwa akimaliza kujitetea, ni zamu yako kumhoji. Usihutubie. Uliza vifupi: "Geti liko kwako?" Liko. "Linafungua na kufunga?" Ndiyo. "Ulishawahi kuniandikia kwamba lina kasoro?" Ukishapata jibu unalolitaka, kaa chini. Swali moja la ziada, hasa la "kwa nini", linampa nafasi ya kujieleza upya.

Hakimu ni Mheshimiwa, simu izimwe, na mdaiwa akisema uongo usimkatize. Andika pembeni umuulize baadaye.

Kama unaumwa au huwezi kujieleza, unaweza kuiomba mahakama imruhusu ndugu au mtu wa nyumbani kwako akuwakilishe. Tangu 2021 mawakili nao wanaruhusiwa panapokaa Hakimu Mkazi (hakimu mwenye shahada ya sheria), kwa hiyo usishtuke mdaiwa akija na wake. Ukisikia pingamizi usilolielewa, mwombe hakimu akufafanulie kabla hujajibu.

6. Baada ya hukumu. Omba nakala mapema. Usiporidhika, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Ukishinda, hela haiji yenyewe. Asipolipa, rudi kuomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe, ili mali zake zikamatwe. Wakati shauri linaendelea, anza kuorodhesha alichonacho: pikipiki yenye jina lake kwenye kadi, friji la dukani, mashine ya kusaga. Mdaiwa anaweza kuomba alipe kwa awamu. Kubali ikiwa tarehe na kiasi vimeandikwa kwenye amri ya mahakama, si kwa maneno ya koridoni.