Somo: Kuchunguza flajela za mwani wa seli moja na namna zinavyoonyesha msongo

Somo hili ni la walimu na wanafunzi wa biolojia wa kidato cha tano na cha sita katika Nyanda za Juu Kusini, na linahitaji vifaa ambavyo maabara nyingi za shule tayari zinavyo: hadubini inayokuza mara 400, slaidi, myeyusho wa ayodini ule ule tunaoutumia kupima wanga, karatasi za kupimia pH, siki nyeupe, bikaboneti ya sodiamu na chumvi ya mezani. Kiumbe tunachokichunguza ni Chlamydomonas, mwani wa kijani wa seli moja wenye upana wa takriban maikrometa 10, unaoogelea kwa flajela mbili, yaani nyuzi nyembamba kama mijeledi, zilizochomoza upande wa mbele, kila moja ikikaribia au kuzidi kidogo urefu wa mwili. Nitazishikilia flajela hizo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mara nyingi seli iliyopatwa na msongo, yaani hali inayoisumbua kama asidi au chumvi, huonyesha badiliko kwenye flajela kabla ya kupoteza rangi yake, na anayejua kuzisoma hupata habari mapema kuliko anayesubiri maji yapauke.

Hatua ya kwanza ni kupata mwani. Uzao wa Chlamydomonas reinhardtii unaotumiwa na maabara nyingi duniani ulitokana na udongo wa shamba la viazi huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1945, kwa hiyo shamba la viazi la Uporoto au la Uyole ni mahali pazuri pa kuanzia. Chemsha kikombe kimoja cha udongo wa bustani katika lita moja ya maji kwa nusu saa, acha utuame hadi maji yawe meupe, kisha yachuje kwa kitambaa safi; hicho ndicho chakula cha mwani wako. Yakishapoa, yamimine kwenye chupa ya kioo juu ya kijiko kimoja cha udongo wa shambani ambao haukuchemshwa, ufunike mdomo wa chupa kwa pamba, na uiweke dirishani penye mwanga lakini pasipopigwa na jua kali. Baada ya wiki moja hadi mbili maji yataanza kuwa ya kijani. Usitumie maji ya mvua peke yake, kwa sababu yana kalisi kidogo mno, na sababu ya kalisi kuwa muhimu utaiona katika hatua ya nne.

Hatua ya pili ni kuutenga na viumbe wengine. Funika chupa nzima kwa karatasi nyeusi, uache tundu dogo upande mmoja, na uelekeze tundu hilo kwenye mwanga. Baada ya saa moja hivi, seli zinazoogelea zitakuwa zimekusanyika nyuma ya tundu, nawe utazinyonya kwa pipeti na kuzihamishia kwenye maji mapya ya udongo. Seli hizi hutambua mwanga kwa doa-jicho, ambalo ni alama ndogo ya rangi ya machungwa kando ya mwili, na protini zake za kupokea mwanga, zilizotambuliwa mwaka 2002 na 2003, ndizo ambazo watafiti wa ubongo walikuja kuzipandikiza kwenye seli za neva ili waziwashe kwa mwanga.

Hatua ya tatu, kuzitazama flajela, ndiyo inayowashinda wengi, na kwa kawaida kosa liko kwenye mwanga. Flajela ina unene wa takriban robo ya maikrometa. Mwanga ukiwa mwingi inamezwa kabisa. Anza na lenzi ndogo, uone seli zikikimbia, kisha uingie kwenye ukuzaji wa mara 400 na kufunga kidhibiti mwanga karibu chote hadi uwanja uwe wa kijivu. Zikikukimbia, weka nyuzi chache za pamba chini ya kioo cha kufunikia ili zinaswe katikati ya nyuzi. Utaona seli ikitupa flajela zake mbili mbele kisha kuzivuta nyuma kwa pamoja, kama mtu anayeogelea kwa mikono miwili, ingawa mapigo hayo ni 50 hivi kwa sekunde na jicho hupata tu mtikisiko. Ili uzione zikiwa zimetulia, ongeza tone dogo la ayodini: seli hufa papo hapo, flajela huonekana kama nyuzi mbili nyembamba, na chembe za wanga zilizo ndani ya kloroplasti hugeuka rangi ya zambarau iliyokoza.

Kuanzia hapa, kila kipimo kifanyike kwa namna moja. Chukua sampuli, tia ayodini, hesabu seli 100 bila kuchagua, na uandike ngapi zina flajela ndefu kama mwili, ngapi zina za nusu, na ngapi hazina kabisa. Fanya hivyo kwanza kwenye mwani ambao hujaugusa, kwa sababu hata katika hali njema baadhi ya seli hazina flajela: seli inayotaka kugawanyika huzirudisha ndani ya mwili kwanza, na ayodini yenyewe huweza kuangusha chache. Bila kundi hilo la kulinganisha, matokeo yako hayatasimama.

Hatua ya nne ni msongo wa ghafla. Weka mililita 20 za mwani kwenye kikombe, dondosha siki tone baada ya tone huku ukikoroga, hadi karatasi ionyeshe pH ya 4.5 hivi. Subiri sekunde 30 hadi 60, zisizidi, kisha urudishe pH hadi 7 kwa myeyusho wa bikaboneti. Mapovu yatakayotoka ni ya kabonidayoksaidi. Chukua sampuli mara moja, na utaona kwamba karibu seli zote hazina flajela, ilhali miili yao ni mizima na ya kijani. Asidi imesababisha kalisi iingie ndani ya seli, na kalisi hiyo imeiamuru seli ikate flajela zake yenyewe mahali maalumu karibu na shina. Kisha utando unajiziba. Kwa hiyo seli isiyo na flajela usiihesabu kuwa imekufa.

Weka kikombe penye mwanga na uchukue sampuli kila baada ya dakika 15. Katika joto la nyuzi 25 hivi, flajela hufika nusu ya urefu wake ndani ya dakika 20 hadi 30, kisha kasi hupungua, na hukamilika baada ya dakika 90 hadi saa mbili. Chora jedwali na grafu, maana umbo la mstari huo, unaopanda kwa kasi kisha kulegea, ndilo lililowafanya watafiti waulize jinsi protini zinavyofika kwenye ncha ambako flajela hurefuka. Mwaka 1993, katika maabara ya Joel Rosenbaum kwenye Chuo Kikuu cha Yale, walionekana wabebaji wa protini wakipanda na kushuka ndani ya flajela hai ya mwani huu huu. Mwaka 2000 ikabainika kwamba jeni mojawapo ya ubebaji huo, ikiharibika katika panya, husababisha uvimbe wa figo. Mwanafunzi akiuliza mwani unamhusu nini binadamu, mweleze hilo.

Hatua ya tano ni msongo wa polepole. Andaa glasi tatu za mwani ule ule: ya kwanza bila chumvi, ya pili yenye gramu 3 kwa lita, ya tatu yenye gramu 6, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Kesho yake, katikati ya asubuhi, tazama. Katika glasi ya tatu huenda ukakuta seli nne, nane au zaidi zimekaa pamoja ndani ya ukuta mmoja wa seli mama, zimegawanyika lakini hazikutoka, na haziogelei. Zihamishie zilizokusanyika kwenye maji mapya ya udongo yasiyo na chumvi, na uzifuatilie kwa saa chache zinazofuata.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Seli zetu zina flajela moja tu, na mwili unajinyoosha na kujikunja. Je, flajela ya pili imekatika kwa msongo?

Jibu: Marahaba. Hiyo ni Euglena, kiumbe kingine cha seli moja. Chlamydomonas ina ukuta mgumu na haibadili umbo. Rudia hatua ya pili, na ukishindwa, chukua udongo wa shamba lingine, kwa kuwa Euglena nayo hufuata mwanga.

Mwalimu, Njombe: Mwalimu mwenzangu, mwezi wa saba asubuhi seli zetu haziogelei kabisa, lakini flajela zipo. Niandike kuwa zina msongo?

Jibu: Hapana, mwalimu. Baridi hupunguza kasi ya mapigo. Acha chupa ikae chumba chenye joto kwa saa moja kabla ya kupima, na uandike joto la maji kwenye kila jedwali. Flajela nazo hukua polepole zaidi kwenye baridi, na usipoandika joto, grafu yako na ya mwenzako wa Mbarali hazitalinganishwa.

Mwanafunzi, Iringa mjini: Baada ya siki, flajela hazikurudi hata baada ya saa tatu.

Jibu: Uliandika pH baada ya bikaboneti? Ikibaki chini ya 6, au seli zikikaa kwenye asidi dakika kadhaa, nyingi hufa. Zitazame rangi: zikipauka na yaliyomo kuchanganyika, zimekufa. Zikiwa za kijani, tumia siki kidogo zaidi, saa ya mkononi, na pH uipime mara mbili.

Mwanachama, Makete: Beseni letu la maji ya mvua limekuwa jekundu. Ni mwani au kutu?

Jibu: Tazama chini ya hadubini. Ukiona seli za duara, nyekundu, zenye ukuta mnene na zisizo na flajela, huenda ni Haematococcus, mwani wa kijani unaojijaza rangi iitwayo astazanthini unapokosa virutubisho na kupigwa na jua kali. Weka chache kwenye maji mapya ya udongo mahali penye kivuli, uzitazame kila siku, na uhesabu ni ngapi zimetoa seli za kijani zenye flajela mbili.