Rangi za harusi kwa mfuko mwembamba: ninavyofanya Kisumu, hatua kwa hatua

Kila bibi harusi anayenijia huanza na swali lilelile: "Dada, mwaka huu rangi gani zinatamba?" Nami humrudishia langu: sherehe ni wapi, na wageni watakaa saa ngapi? Hapo hunyamaza kidogo, maana ukumbi bado hajauona, ila picha za simu amejaza mia mbili.

Nilianza kama fundi cherehani, nikaingia kwenye mapambo kwa sababu wateja walikuwa wanaleta nguo nzuri halafu wanakwenda kukaa mbele ya pazia lisilopatana nazo. Haya ninayoandika ni ya harusi ya wageni kama mia mbili, ile inayolipiwa na michango ya kamati na akiba ya maharusi wenyewe.

Hatua ya 1: Nenda ukapaone mahali, tena saa ileile

Usinunue hata riboni kabla ya safari hii. Ikiwa ibada ni saa nne asubuhi na chakula ni saa nane mchana, nenda Jumamosi moja saa hizohizo. Piga picha kuta za kanisa, mapazia, zulia, madirisha, hata joho za kwaya. Kisha nenda uwanjani upige picha nyasi, miti na ukuta wa nyuma ya mahali itakapokaa meza kuu.

Wapambaji wana kanuni ya sitini, thelathini, kumi: rangi moja ichukue sehemu kubwa, ya pili nusu ya hiyo, ya tatu iwe ya kuchokoza jicho tu. Watu wengi huisoma hivyo na kukimbilia kununua zote tatu. Hapo ndipo pesa huishia, kwa sababu ile sitini tayari ipo. Ni nyasi, ni hema, ni ukuta wa kanisa. Hakuna anayekudai hata shilingi kwa ajili yake. Kazi yako ni kuchagua thelathini itakayokubaliana nayo, na ile kumi.

Nyasi zenyewe zina majira. Harusi ya Mei, mwishoni mwa mvua za masika, uwanja wa Kisumu huwa kijani kibichi. Ya Februari utakuta majani yamekauka, ardhi imegeuka hudhurungi, na ile picha ya bustani uliyoihifadhi haitatokea hata ufanye nini. Basi chukua rangi zinazopenda ukavu: kutu, haradali, damu ya mzee. Wa Nakuru wanaoolewa Oktoba, tafuteni kiwanja chenye mijakaranda. Zambarau itawamwagikia chini bure, nanyi mnunue krimu tu.

Uliza pia kanisani. Kwa Wakatoliki, wakati wa Kwaresima altare haipambwi kwa maua isipokuwa siku chache maalumu, na rangi ya kipindi hicho ni zambarau. Ukijua mapema hulipii maua ambayo katekista atakuomba uyarudishe garini.

Na hema. Hili nalisema kwa sauti kila siku: omba hema jeupe. Jua la Kisumu likipiga turubai jekundu au la buluu, mwanga unaoshuka chini huja na rangi hiyo, na mama mkwe atatoka kwenye picha kama amepakwa wino. Hakuna mpiga picha wa kuiondoa vizuri. Afadhali upunguze mapambo ya ndani ulipie tofauti ya hema jeupe.

Hatua ya 2: Chagua rangi moja ya kununua

Moja. Hiyo ndiyo thelathini yako. Ile kumi itatoka kwenye vitu vidogo: tai, kilemba, utepe wa keki.

Ukitaka utulivu, oanisha rangi majirani, kama kutu na haradali. Ukitaka uchangamfu, chukua zinazokabiliana kwenye duara la rangi: buluu na machungwa, zambarau na manjano, nyekundu na kijani. Zikikabiliana, moja iwe nyingi na nyingine chembe tu, la sivyo zinapigana. Damu ya mzee juu ya kitambaa cha krimu, na majani mabichi, haijawahi kuniangusha, mvua au kiangazi.

Sasa mambo ya kwetu, ambayo picha za simu hazikwambii. Rangi ya machungwa ikijaa Kisumu, mpita njia atauliza mkutano wa siasa unahutubiwa na nani. Tangu kura ya maoni ya katiba ya 2005, chungwa lilipokuwa alama ya "La", rangi hiyo hapa ina wenyewe, watu wa chama cha ODM. Itumie kidogo. Kijani na nyeupe ni Gor Mahia, timu ya soka tunayoiita K'Ogalo, inayoshangiliwa sana huku. Buluu na nyeupe ni AFC Leopards, mahasimu wao, wanaoshangiliwa upande wa Kakamega. Niliwahi kupamba harusi ya bwana harusi wa Seme na bibi harusi wa Kakamega. Bibi harusi, bila nia yoyote mbaya, alikuwa amechagua kijani na nyeupe. Kaka zake walinivuta kando: "Fundi, sisi tuvae K'Ogalo mbele ya mashemeji? Utani huu hatutaumaliza hadi wajukuu." Tulibadilisha nyeupe ikawa krimu na tukaongeza haradali. Wakaridhika, ingawa mashemeji waliimba nyimbo za uwanjani vilevile.

Jaribio lingine ni la sare. Mwonyeshe mtoto wa shule kile kitambaa. Akikutajia jina la shule, kirudishe. Na umuulize mama yako kama si sare ya akina mama wa kanisa fulani.

Halafu ngozi. Wasimamizi wanne hawafanani: mmoja ni maji ya kunde, mwingine ni mweusi wa kung'aa. Wasimamishe juani, shikilia kitambaa chini ya kidevu cha kila mmoja, angalia uso badala ya kitambaa. Rangi ikimfanya aonekane ametoka kuugua, si yake. Gauni la bibi harusi nalo, jeupe kabisa kwenye jua la saa nane hugeuka mwanga mtupu kwenye picha, hata urembo wa lesi hauonekani. Rangi ya maziwa hupendeza zaidi kwenye ngozi zetu wengi.

Hatua ya 3: Nunua jora moja

Hili lilinigharimu. Miaka kadhaa nyuma nilihitaji satini ya damu ya mzee, duka likawa na nusu tu. Mwenye duka akaniambia nyingine itakuja Jumanne, "ni ileile". Jumanne ikaja, nikaikubali dukani chini ya taa. Siku ya harusi, nje, mikanda ya viti vya kushoto ilikuwa damu ya mzee na ya kulia ilikuwa rangi ya kiazi sukari. Kitambaa hutiwa rangi kwa mafungu, na fungu moja linaweza lisilingane na lingine hata kama namba ni ileile. Nunua yote siku moja, kutoka jora moja, na uongeze mita mbili za kufidia makosa ya mkasi.

Kwenye maduka ya Oginga Odinga Street utapewa kitambaa chini ya taa nyeupe. Omba utoke nacho hadi barazani. Mwenye duka amezoea, hatakasirika. Kisha mambo mawili: kikunje ngumini uhesabu hadi thelathini, ukione kinavyoshika mikunjo, halafu lowesha leso nyeupe na usugue pembeni. Leso ikitoka na rangi, mvua ya jioni itaifanya kazi hiyohiyo kwenye gauni la bibi harusi. Mahameli waachie Nakuru. Kule ni mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari, kuna baridi ya kuvumilia mahameli. Hapa ziwani utatoa jasho kabla ya nyimbo za kuingilia.

Usidharau Kibuye siku ya Jumapili. Mapazia ya mitumba ni kitambaa kipana, kizito, kilichokwisha kufuliwa mara nyingi hata hakichuji tena. Nimeyakata vitambaa vya katikati ya meza, na hakuna aliyejua.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mita kabla ya kuombwa pesa

Chukua karatasi. Mkanda mmoja wa kiti nauhesabu upana wa sentimita 15 na urefu wa mita 2.7. Kitambaa cha upana wa mita 1.5 kinakupa mikanda 10 kwa kila mita 2.7. Viti 200 ni vipande 20 vya mita 2.7, yaani mita 54. Sasa jiulize nani atatazama mkanda wa kiti baada ya mgeni kukikalia. Hakuna. Funga viti vya pembeni mwa njia ya katikati na vya meza kuu, tuseme 40: mita 10.8 tu. Macho yanafuata njia anayopita bibi harusi, na pale ndipo rangi iwekwe.

Meza nazo: wageni 200, kumi kumi, ni meza 20. Kitambaa cha katikati upana sentimita 30, urefu mita 2.6 kwa meza ya duara ya mita 1.8, kianguke sentimita 40 kila upande. Upana wa mita 1.5 hutoa vitano. Unahitaji mita 10.4. Jumla ya kila kitu ni mita 21 na kidogo. Mpelekee mwenyekiti wa kamati hesabu hiyo, uone atakavyokuheshimu.

Satini hufumuka. Usilipe fundi kupinda ncha za mikanda: ipitishe haraka kando ya mwali wa mshumaa, nyuzi zitayeyuka na kushikana. Hii ni kwa satini ya poliesta pekee. Pamba itawaka. Jaribu kwenye kipande kwanza, na ndoo ya maji iwe karibu.

Hatua ya 5: Nguo za wasimamizi

Wanaume ni rahisi. Shati jeupe na suruali nyeusi anazo kila mwanamume aliyewahi kwenda usaili wa kazi. Wanunulie tai tu. Shati la kijivu likatae kabisa, linatangaza jasho la kwapa hadi Kondele.

Wanawake, wape rangi na uwaachie mshono. Mmoja mnene, mmoja mjamzito, mmoja hapendi mikono wazi. Mkiwalazimisha gauni moja mtalipia nguo ambayo haitavaliwa tena. Kitenge kiwe kiunganishi. Kipande cha yadi sita, kama mita tano na nusu, hutoa vilemba vinne, mkanda wa mtoto wa maua, na leso za mfukoni za wanaume wote. Mabaki mnayafunga kwenye kisu cha keki.

Fundi mwambie harusi ni wiki mbili kabla ya tarehe yenyewe. Mimi nilikuwa fundi, najua stima inavyopotea.

Hatua ya 6: Maua machache, mafunjo mengi

Waridi kutoka Naivasha ni zuri, lakini karibu na tarehe 14 Februari kila mtu analitaka na bei inapanda. Weka mawaridi kwenye shada la bibi harusi na kwenye keki. Kwingine kote tumia vinavyoota hapa. Mafunjo ya ziwani ni ajabu: shina refu, kichwa kama nywele zilizochanwa. Ongea na watu wa Dunga wanaoyavuna kwa mikeka, wakukatie asubuhi yenyewe, na uyasimamishe kwenye ndoo ya maji kivulini hadi dakika ya mwisho, maana ncha hukauka juani. Migomba miwili langoni ndiyo mlango wa harusi tangu zamani. Bogenvilia acha mtini, ukiikata hunyauka haraka sana.

Katikati ya meza weka chungu kidogo cha udongo au kikapu, na majani ndani. Nilifanya hivyo harusi moja ya Maseno, na mwisho kila shangazi akaenda nyumbani na chungu chake. Maharusi hawakununua zawadi nyingine za wageni.

Hatua ya 7: Andaa meza moja, ya majaribio

Wiki tatu kabla, weka meza moja kamili nyumbani: kitambaa, chungu, sahani, kiti chenye mkanda. Ipige picha mchana na tena jioni. Kama kuna kitu kinakusumbua, ondoa. Usiongeze.

Shida itakayobaki ni wanaojitolea. Shangazi atakuja na vitambaa vya viti vya zambarau alivyobakiwa navyo, kwa moyo safi. Ili kumzuia bila kumuudhi, kata vipande vidogo vya kitambaa chako mapema na umpe kila mwanakamati kimoja, aende nacho popote anaponunua kitu. Zambarau ya shangazi ikifika hata hivyo, ipeleke hema la watoto. Mwambie: "Mama, hema la watoto ndilo lililokuwa limepungukiwa."

Siku yenyewe

Mkoba wangu una pini, sindano, uzi wa rangi ya harusi na mweupe, mkasi, gundi, pasi, mshumaa, kiberiti na nailoni kubwa ya kufunika meza mvua ikianza. Vitambaa vipigwe pasi usiku wa kuamkia harusi na vibebwe vikiwa vimeviringwa, si kukunjwa.

Na mtafute mtu mmoja wa kuhesabu mikanda na vyungu jioni, kabla hema halijashushwa. Asiwe msimamizi, wala asiwe binamu anayependa kucheza dansi.