Namna ya kusoma habari za jeni za mafuta ya mwili na hatari ya kisukari

Wengi wetu tumezoea kuyaona mafuta ya mwilini kama akiba iliyolala tu, ilhali tishu ya mafuta hufanya kazi usiku na mchana: hupokea nishati ya ziada, hutoa homoni kama leptini na adiponektini, na inapozidiwa huyaacha mafuta yafurike hadi kwenye ini, misuli na kongosho, ambako hudhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Kwa hiyo ukisoma kwamba jeni fulani inahusiana na kisukari cha aina ya pili, uliza kwanza inafanya kazi katika tishu gani.

Kisha angalia kama watafiti walipima kuwapo kwa jeni au utendaji wake. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zilezile, lakini kila tishu huamsha baadhi na kuzituliza nyingine, mithili ya nyumba mbili zenye cherehani, moja ikishona kila siku na nyingine imefunikwa kitambaa. Utendaji huo hupimwa kwa kuchukua kipande kidogo cha mafuta, mara nyingi chini ya ngozi ya tumbo, na kupima wingi wa RNA, yaani ujumbe unaotolewa na kila jeni inapofanya kazi. Kipimo cha vinasaba kinachotumia mate hakiwezi kukuonyesha hilo, hata kikiuzwa kwa bei kubwa.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa jeni iitwayo KLF14. Mwaka 2011 watafiti waliochunguza mafuta ya mamia ya wanawake pacha wa Uingereza waligundua kwamba tofauti ndogo ya kinasaba karibu na jeni hiyo, ambayo tayari ilijulikana kuongeza hatari ya kisukari, hupunguza utendaji wake katika mafuta, na kwamba jeni nyingine nyingi zilizo mbali nayo hubadilika pamoja nayo, kana kwamba yenyewe ndiyo nyapara wao. Tena, nakala inayofanya kazi ni ile tu iliyorithiwa kwa mama. Utafiti wa mwaka 2018 uliongeza kwamba wanawake wenye tofauti hiyo huwa na seli za mafuta kubwa zaidi, na mafuta yao huelekea tumboni badala ya nyongani. Hata hivyo, hatari inayoletwa na tofauti moja ya namna hii ni ndogo, na anayekuambia kwamba imeshakuhukumu anakupotosha.

Dawa ya kisukari iitwayo pioglitazoni nayo inathibitisha kwamba mahali mafuta yalipo ni jambo zito: huamsha PPARG, protini inayosimamia ukuaji wa seli za mafuta, na mgonjwa anaweza kuongezeka uzito huku sukari yake ikishuka, kwa sababu mafuta yamepata pa kukaa chini ya ngozi.

Kwa kuwa utendaji wa jeni zako huwezi kuupima nyumbani, pima matokeo yake. Chukua utepe wa fundi cherehani, uuzungushe katikati ya ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, utoe pumzi kwa kawaida bila kuvuta tumbo ndani, kisha usome. Kiuno kinachozidi nusu ya urefu wako ni sababu ya kwenda kupima damu, hata kama mizani haikuonyeshi unene. Ulizia pia habari za kisukari kwa upande wa mama na wa baba.

Kwenye kituo cha afya, omba kipimo cha sukari ya damu asubuhi kabla ya kula chochote. Shirika la Afya Duniani huhesabu 6.1 hadi 6.9 mmol/L kuwa kiwango cha tahadhari, na 7.0 au zaidi kuwa kisukari, ingawa asiye na dalili hurudiwa kipimo siku nyingine. Ukipimwa HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ambako mpaka wa kisukari ni asilimia 6.5, mweleze daktari kama una selimundu au umerithi jeni yake kwa mzazi mmoja, kwa maana hali hiyo inaweza kuyapotosha majibu.

Ukijikuta katika kiwango cha tahadhari, shika malengo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama ya kutembea haraka dakika 150 kwa wiki. Waliopewa mpango huo walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, na waliopewa metformini, dawa ya kushusha sukari, kwa asilimia 31. Andika kipimo cha kiuno pamoja na tarehe, na upime tena baada ya miezi 3 kwa utepe uleule.