Somo: Nyasi zinakauka na maji unamwagilia kila siku

Umemwagilia jioni, asubuhi mabaka makavu yako palepale. Chimbua kwa kisu uone: juu unyevu kidogo, chini vumbi. Usikimbilie kuongeza maji.

Hatua ya 1: Pima kwa tone. Kata kipande cha udongo chenye kina cha sentimita 10, kikauke kivulini siku kadhaa, kisha kilaze ubavu. Dondosha tone la maji kila baada ya sentimita moja, toka juu hadi chini. Likinywewa hapo hapo, udongo ni mzima na somo hili halikuhusu. Likikaa zaidi ya sekunde 5, limevimba kama ushanga, udongo unakataa maji. Mara nyingi ni zile sentimita chache za juu tu.

Sababu ni nta. Mizizi na majani yanayooza, pamoja na kuvu, huzipaka chembe za udongo utando wa mafuta. Mchanga ndio huumia zaidi: chembe zake ni kubwa, hivyo nta kidogo tu inatosha kuzifunika. Maji yakifika hapo hutafuta upenyo mmoja, yakazama humo, na pembeni kukabaki kukavu. Dawa yake ni safaktanti, kemikali inayosaidia maji kulowesha udongo. Molekuli yake ina ncha mbili: moja hung'ang'ania nta, nyingine hupenda maji. Basi maji hupata pa kushika, yakasambaa.

Hatua ya 2: Toboa matundu, hasa kama nyasi zilizokufa zimejaa juu.

Hatua ya 3: Changanya dawa hiyo na maji kwa kipimo cha kwenye lebo, unyunyizie jua likiwa limepoa.

Hatua ya 4: Mwagilia papo hapo, dawa ishuke kwenye mizizi. Mimi niliwahi kuacha hadi kesho yake. Majani yaliungua nikabaki natazama.

Hatua ya 5: Baada ya wiki kadhaa pima tone tena. Vijidudu vya udongoni huila dawa, kwa hiyo utarudia.

MASWALI

— Mwalimu, sabuni ya kuoshea vyombo haifai?
Inatoa povu, hiyo kweli. Ila huunguza majani upesi, na haikutengenezwa ikae udongoni. Iache jikoni.

— Kwangu ni mfinyanzi, maji yanasimama juu kama dimbwi.
Ulipima tone?

— Nimepima sasa hivi, limenywewa mara moja.
Basi udongo wako umeshindiliwa, hauna nta. Achana na dawa, chukua uma wa bustani utoboe.

— Nianze lini, mabaka yakitokea?
Kabla. Udongo ukishakauka kabisa, hata dawa yenyewe hupata shida kuingia.