Shule imefungwa kwa kipindupindu na stoo ina mahindi: jinsi ya kuomba ruhusa ya kugawa chakula kiende nyumbani

Masika yakikazana na Mto Nyando ukivunja kingo, vyoo vya uwanda wa Kano, karibu na Kisumu nchini Kenya, hufurika, na kipindupindu hakikawii kubisha hodi. Afisa wa afya ya umma akileta amri ya kufunga shule, watoto huenda nyumbani siku hiyo hiyo. Mahindi na maharagwe yao hubaki stoo na dumuzi.

Mwalimu mkuu hawezi kuyagawa kwa neno lake tu. Yalipokelewa na kutiwa sahihi kwa ajili ya mlo wa mchana, mtoto akiwa shuleni. Kuyatoa nje ya lango kunahitaji ruhusa ya maandishi. Nimeiomba mara kadhaa nikiwa mwalimu mkuu upande wa Ahero, na mara ya kwanza nilirudishwa, kwa haki kabisa.

Anza kwa kujua unamwandikia nani. Katiba ya 2010 iliipa kaunti huduma za afya na elimu ya chekechea, lakini shule ya msingi ikabaki chini ya serikali ya kitaifa. Maana yake ni kwamba anayefunga lango ni mtu wa kaunti, ilhali chakula kilichoko ndani kimekuja kupitia NACONEK, baraza la kitaifa linalosimamia mpango wa chakula shuleni. Serikali mbili, na wewe uko katikati. Barua ielekeze kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, nakala kwa afisa wa afya ya umma na kwa chifu. Afisa wa afya hana chakula cha kutoa, lakini mpango wako wa kugawa ukiwa na sahihi yake, mkurugenzi hatakuwa na sababu ya kusita.

Amri ya kufunga nayo iwe kwenye karatasi. Ukiambiwa kwa simu, panda boda uifuate.

Kisha itisha bodi ya shule, hata kama ni wajumbe wachache chini ya mwembe, wakae mbalimbali. Muhtasari utaje kiasi cha chakula, siku ambazo kitatosha, na majina mawili ya watakaofungua stoo. Mmoja wao awe mzazi.

Sasa hesabu, na hapa usiwe na haraka. Mgao uliozoeleka katika mpango huu ni gramu 150 za nafaka kwa mtoto kwa siku, gramu 40 za kunde na gramu 5 za mafuta, na chumvi kidogo. Linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye hati ya kupokelea chakula shuleni kwako. Shule ikifungwa wiki mbili, hizo ni siku 10 za masomo. Kila mtoto atapata kilo moja na nusu ya mahindi, ambayo haijazi hata gorogoro moja, lile kopo la sokoni la takriban kilo mbili, na gramu 400 za maharagwe. Kwa watoto 371 unahitaji kilo 556 na nusu za mahindi, yaani magunia sita ya kilo 90 na kidogo juu. Mafuta ndiyo yenye kusumbua: gramu 50 kwa kila mtoto hazipimiki vizuri kwenye chupa. Changanya mgao wa ndugu wa nyumba moja, upime mara moja.

Idadi ya watoto uitoe kwenye rejista, wala si kichwani. Mimi niliandika 412. Afisa aliyepokea barua alifungua faili, akashusha miwani.

"Mwalimu, hapa nina 371. Hao 41 ni wa nani?"

"Ni wa chekechea, bwana. Hula sufuria moja na wenzao."

"Sufuria ni moja, lakini vitabu ni viwili. Waandike kando."

Nilirudi Ahero na barua yangu mkononi, siku mbili zikapotea. Andika basi mistari miwili: wanafunzi wa msingi idadi yao, wa chekechea idadi yao, na useme wazi hao wadogo wamekuwa wakilishwa kutoka wapi.

Barua yenyewe ijae ukurasa mmoja. Ofisi nyingi zimezoea Kiingereza, ila Kiswahili ni lugha rasmi pia na sijawahi kukataliwa kwa sababu hiyo. Kiini chake kiwe hivi:

"Kuh: Ombi la kugawa chakula kikavu kwa wazazi. Shule ilifungwa tarehe … kwa amri ya afya iliyoambatishwa. Bodi inaomba kutoa mgao wa siku 10 kwa wanafunzi …, kutoka akiba ya kilo … iliyo stoo. Hakuna chakula kitakachopikwa. Ripoti italetwa pamoja na orodha ya sahihi."

Ambatisha amri, muhtasari, ukurasa wa mwisho wa leja ya stoo na ratiba ya ugawaji. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa kabla hujatoka ofisini.

Ukiona mtu anasitasita, mkumbushe kwamba jambo hili lina mfano. Marekani, sheria ya chakula cha shule ilitaka watoto wale pamoja palepale kinapogawiwa. Korona ilipofunga shule, sheria mpya ilitiwa sahihi tarehe 18 Machi 2020, na idara ya kilimo, inayosimamia mpango huo, ikaruhusu mzazi kuchukua chakula bila mtoto kuwepo, hata cha siku kadhaa kwa mkupuo. Kilicholegezwa hasa ni mahali na saa ya kula. Kuhesabu milo kuliendelea, kwa kuwa shule zililipwa kwa milo iliyohesabiwa. Nawe unaomba ulegezewe hapo hapo tu, na ni vizuri useme hivyo.

Ruhusa ikija, gawa kwa madarasa, kila darasa na saa yake. Maji na sabuni vikae langoni, kabla ya meza. Pima kwa mizani mbele ya mchukuaji, kisha atie sahihi au kidole gumba. Nyumba isiyo na mtu wa kuja, mhamasishaji wa afya wa kijiji huijua. Nakumbuka nyanya mmoja aliyekuja kwa wajukuu watatu: mahindi aliyatia kwenye mfuko wa sukari, maharagwe akayafunga kwenye ncha ya leso, akarudi kutoka langoni kuuliza kama jina la mdogo limeandikwa. Tulimsomea.

Jioni ile ile funga leja: kilichotoka, kilichobaki, na kilichomwagika pia. Ripoti na orodha vipelekwe ofisi ile ile iliyokupa ruhusa. Magunia matupu yakunje uyaweke stoo. Mkaguzi akija atayauliza.