Kuliweka Dishi la Intaneti ya Setilaiti Palipo na Minazi: Hatua kwa Hatua

Tangu huduma ya intaneti ya setilaiti ya Starlink ianze nchini Kenya mwaka 2023, watu wengi wa Pwani wamedhani kwamba dishi lake hufungwa kama lile la televisheni. Dishi la televisheni hutazama setilaiti moja iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambayo kwetu sisi tulio chini huwa haijongei, na kwa hiyo hata upenyo mdogo kati ya matawi hulitosha. Setilaiti za Starlink ziko karibu zaidi, kilomita 550 hivi, na kila moja huvuka anga letu kwa dakika chache tu, hivyo dishi huachana na moja na kudaka nyingine usiku na mchana. Kinachohitajika ni anga pana, na ndiyo sababu maelezo haya yatakaa zaidi kwenye kuchagua mahali kuliko kwenye kukaza nati.

Hatua ya kwanza: kupima anga. Kabla hujatoboa chochote, pakua programu ya Starlink kwenye simu na utumie kipimo chake cha vizuizi, ambacho hupiga picha ya anga kwa kamera. Simama palepale dishi litakapokaa, kwa kuwa mti unaoonekana mrefu ukiwa uani huenda usiwe kikwazo ukiwa juu ya paa. Kipimo hiki hutegemea pia dira ya simu, na dira hupotoshwa na chuma. Ukiwa juu ya mabati, rudia mpaka majibu mawili yafanane.

Unaweza pia kukadiria kwa macho. Dishi la kawaida huona upana wa nyuzi 110, yaani nyuzi 55 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo likielekea juu wima, chochote kinachopanda zaidi ya nyuzi 35 kutoka upeo wa macho kitalizuia. Kwa hesabu ya fundi, mti unaolizidi dishi kwa urefu wa mita 10 unapaswa kuwa umbali wa mita 15 au zaidi.

Mnazi unahitaji uangalifu wa pekee. Kilele chake hakitulii, na mnazi ulio kusini mwa nyumba, ambao wakati wa kaskazi hausumbui, huweza kuyaleta makuti yake mbele ya dishi kusi linapovuma kwa nguvu. Uongezee nafasi kuliko hesabu inavyodai, na kumbuka kwamba mnazi mchanga bado unarefuka. Kuukata mnazi unaozaa kwa ajili ya intaneti, kwa maoni yangu, ni hasara ambayo nguzo ndefu kidogo ingeiepusha.

Hatua ya pili: kusimamisha dishi. Paa la makuti si mahali pa kulifunga, kwa sababu kombamoyo na pau, yaani miti inayolishikilia paa, hucheza na upepo, na makuti yenyewe hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Simamisha nguzo ya bomba la chuma lililopakwa zinki, iliyojengewa kwa zege kando ya nyumba au kubanwa kwenye ukuta wa mawe, na uipime kwa pimamaji ili isimame wima. Tumia bolti zisizoshika kutu, maana chumvi ya bahari hula bolti za kawaida upesi. Kebo inayokuja na seti ya kawaida ina mita 15, basi pima njia yake yote, pamoja na kona, kabla ya kuchimba shimo la nguzo.

Hatua ya tatu: kuelekeza. Washa dishi likiwa linatazama juu na ulisubiri lijiunge. Programu itakuonyesha mahali linapotazama sasa na mahali linapopaswa kutazama. Legeza nati kidogo, lizungushe na kuliinamisha taratibu hadi alama hizo mbili zikutane, kisha ukaze. Usiige mwelekeo wa dishi la jirani la televisheni, kwani hayo mawili hayatazami kitu kimoja.

Hatua ya nne: kebo. Sukuma plagi hadi mwisho wake, kwani ikibaki nusu huduma hukatika ovyo na lawama huangukia setilaiti. Mahali kebo inapoingilia ukutani, iache ining'inie chini ya tundu ili maji ya mvua yadondoke nje, kisha uzibe tundu kwa silikoni. Ruta iwekwe katikati ya nyumba, mbali na kabati la chuma.

Hatua ya tano: kukagua. Liache dishi likifanya kazi usiku kucha, kisha fungua ramani ya vizuizi, ambamo sehemu nyekundu ni anga lililozibwa. Usiridhike kwa sababu tu filamu inachezwa vizuri, kwa kuwa filamu hupakuliwa mbele kidogo na mkato wa sekunde chache hauonekani. Piga simu ya video ndefu, kwa maana hiyo haifichi kitu. Huduma ikizorota mvua kubwa ya masika inaponyesha na kurejea inapopungua, usiguse nati yoyote. Ikikatika anga likiwa jeupe, rudi kwenye ramani, na uitazame tena kusi linapoanza.