Kadi iwekwe juu ya mstari, si chini

Kwa walimu wa P.2 na P.3 (darasa la pili na la tatu la msingi, Uganda) wenye vikundi vidogo vya kusoma: ile kadi ya kufuatia mstari, mwambie mtoto aiweke juu ya mstari anaousoma, ifunike yaliyokwisha kusomwa, kisha aishushe polepole. Wengi wamezoea kuiweka chini. Ikiwa chini huficha mstari unaofuata, mtoto akifika mwisho anasimama aisogeze kwanza, sentensi inakatika na maana inampotea. Ikiwa juu, jicho linashuka lenyewe. Naona faida yake zaidi kwenye Luganda, Runyankole na Kiswahili, ambako neno moja hubeba silabi nyingi na mtoto anahitaji kuliona mapema. Boksi la sabuni linatosha: kata kipande cha upana wa ukurasa, na ule upande usio na picha ndio uelekee kwa msomaji. Kata vya ziada, kwani kadi hizi hupotea kuliko hata kalamu za risasi.

Kwa anayeanza kabisa, ambaye bado anaunganisha herufi, haifai. Huyo mwache na kidole chake. Anayetaka kurudi nyuma ajisahihishe, anyanyue kadi, usimzuie. Na kama watoto watano wanagawana kitabu kimoja, iweke kando: mshika kadi atasoma, wanne watachungulia. Andika kifungu kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, uwaonyeshe maneno kwa fimbo.